Kijiko kidogo: tani zake si mzigo, kiti chake si anasa

"Kimeletwa kijiko cha tani tatu, jiwe la nusu tani kimeshindwa kulinyanyua." Maneno kama haya husikika barazani kila panapochimbwa msingi kwa kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, na anayeyasema ana haki ya kushangaa. Ameambiwa tani tatu, kisha ameona mashine ikinyanyuka nyuma kwa jiwe moja. Hakudanganywa. Namba ile hakuelezwa ni namba ya nini.

Siku hizi wauzaji nao wameongeza mambo: vijiko vipya, vidogo, vyenye nguvu zaidi, vinavyokula mafuta kidogo, vyenye kebini ya raha. Mwenye nyumba anayetaka kuchimba karo uani hajui lipi hapo ni kweli na lipi ni biashara tu. Mengi ni kweli, lakini kila moja lina masharti yake, na kwa ardhi yetu ya Unguja na Pemba masharti hayo ni muhimu kuliko sifa zenyewe.

Tuanze na mashine. Kijiko tunakiita cha aina mbili. Kipo cha magurudumu, chenye sepetu pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Na kipo cha cheni, ambacho kebini na mkono wake huzunguka duara zima huku cheni zimetulia pale pale. Ninachokizungumzia ni hiki cha pili, na tena kile kidogo: kuanzia tani 1 hadi tani 6 hivi, ijapokuwa wapo wanaohesabu mpaka 10. Vile vikubwa vya barabarani na kwenye machimbo ya mawe aghalabu huwa tani 20 na kupanda.

Tani hizo ni uzito wa mashine yenyewe. Ukiambiwa kijiko cha tani 3, maana yake ukikiweka kwenye mizani kitasoma karibu na kilo 3,000. Uzito kinaoweza kuunyanyua ni habari nyengine kabisa, na hubadilika kwa kila hatua ya mkono. Mzigo ukiwa karibu na mwili wa mashine, huinuliwa kwa urahisi. Ukiupeleka mbali, mkono ukanyooka wote, uzito ule ule unaanza kuipindua mashine mbele. Kijiko cha tani moja na nusu kilichonyoosha mkono wote kinaweza kuinua kilo mia chache tu, na ubavuni ni pungufu zaidi kuliko mbele, kwa sababu upana wa cheni ni mfupi kuliko urefu wake. Mashine nyingi zina jedwali la mizigo, likionesha kilo kwa kila umbali. Opereta asiyejua jedwali la mashine yake liko wapi, mwambie alitafute kwanza kabla hajafunga mnyororo kwenye jiwe.

Kuchimba hakufuati hesabu hiyo. Hapo baketi, lile sepetu la meno mwisho wa mkono, huuma udongo na kuung'oa, na nguvu ya kung'oa ni kubwa kuliko ya kunyanyua. Kijiko cha tani moja na nusu kinaweza kuuma kwa nguvu inayolingana na zaidi ya tani moja kwenye ncha za meno. Ndiyo maana mashine inayolikwepa jiwe inaweza kuchimba mtaro wa mita mbili bila taabu.

Upana, mkia na mkono unaopinda

Vijiko vidogo asili yake ni Japani, nchi yenye mitaa myembamba na viwanja vidogo. Kampuni ya Yanmar ilitoa chake cha mwanzo mwaka 1968. Lakini kilichobadilisha kazi ya mjini kilikuja mwaka 1993, kampuni hiyo hiyo ilipotoa kijiko kisicho na mkia.

Mkia ni sehemu ya nyuma ya kebini, yalipo injini na chuma kizito cha kusawazisha mkono. Katika vijiko vya zamani sehemu hii hutokeza nje ya cheni. Fikiria mtu amebeba boriti begani ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe. Mbele anaona vizuri. Akigeuka kumuitikia mtu, ncha ya nyuma inapiga ukuta, au inampiga mtu. Opereta wa kijiko chenye mkia yumo katika hali hiyo kila anapozunguka kumwaga udongo, na hufanya hivyo mara nyingi sana kwa siku. Kisicho na mkia huzunguka na sehemu yake ya nyuma ikabaki ndani ya upana wa cheni. Ikiwa cheni zimepita, na nyuma imepita.

Lakini kila kitu kina gharama. Ule uzito wa nyuma uliosogezwa ndani hausawazishi mkono vizuri kama ulipokuwa umetokeza. Kwa hiyo vijiko visivyo na mkia, kwa uzito ule ule, mara nyingi huwa na uwezo mdogo wa kunyanyua ubavuni. Mwenye uwanja mpana Makunduchi, hana nyumba ya jirani karibu, hana sababu ya kulipia zaidi kijiko kisicho na mkia. Mwenye ua Jang'ombe anayo.

Upande wa upana, vijiko vya tani moja hivi hupungua hadi sentimita 70 na kitu, vya tani moja na nusu hupita kwenye mlango wa mita moja. Cheni zao huingizwa ndani kwa jeki wakati wa kupita, kisha hupanuliwa wakati wa kuchimba ili mashine isimame imara. Hapa pana kosa la hatari ambalo hufanywa kwa haraka: mashine inaingizwa ikiwa imebanwa, opereta anaona pahala padogo, anaanza kuchimba bila kupanua. Kijiko kilichobanwa na kuzungushwa ubavuni na baketi iliyojaa huanguka. Cheni hubanwa kwa ajili ya kupita tu.

Jambo la tatu, nalo ni ninalolipenda zaidi katika mashine hizi, ni mkono unaopinda kwenye shina. Kijiko kikubwa mkono wake hunyooka mbele ya kebini daima. Kidogo kinaweza kuugeuza mkono kulia au kushoto, nyuzi 50 au zaidi, bila kuzungusha kebini. Matokeo yake ni kwamba cheni zinatembea sambamba na ukuta na baketi inachimba mtaro uliogusana na ukuta ule ule. Anayelaza bomba la maji kando ya nyumba ajua thamani yake. Bila ya mkono wa namna hiyo ingebidi mashine isimame mshazari, au ile sehemu ya ukutani ichimbwe kwa sururu.

Kwa Mji Mkongwe hili ni zito. Mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba kubwa la kale la mji ule, iliporomoka. Haikuangushwa na kijiko, lakini kila aliyeona kifusi kile alifahamu kwamba majengo haya hayastahimili kusukumwa wala kutikiswa ovyo. Mashine ndogo si ruhusa ya kuchimba popote mjini, maana kazi za huko zina mamlaka yake na vibali vyake. Ila pale kibali kinapotoka, tofauti ya kijiko chenye mkia na kisicho na mkia inaweza kuwa tofauti ya ukuta kubaki na ukuta kwenda.

Nguvu mpya inatoka wapi

Injini ya kijiko haichimbi. Kazi yake ni kuzungusha pampu. Pampu inasukuma oili kwa shinikizo kubwa, mara 200 na zaidi ya shinikizo la hewa tunayovuta, oili inapita kwenye mipira, inaingia kwenye jeki, jeki inarefuka au kufupika, na mkono unakwenda. Huo ndio mfumo wa haidroliki, kwa ufupi.

Katika vijiko vya zamani pampu husukuma oili kiasi kile kile kwa kila mzunguko wa injini, itakiwe isitakiwe. Opereta akiunyanyua mkono na wakati huo huo akazungusha kebini, oili hukimbilia pahala penye wepesi na upande mwengine hupungua nguvu. Utaona mkono unasita katikati ya mwendo, kisha unaruka. Mafundi wazoefu wamejifunza kuufidia mrukoruko huo kwa mikono yao, na ni ustadi wa kuheshimiwa, lakini ni ustadi wa kutibu ila ya mashine.

Vijiko vipya vingi vina pampu inayojirekebisha. Inahisi kila jeki inahitaji oili kiasi gani na kutoa kiasi hicho. Mkono mkubwa unashuka, mdogo unavutwa, baketi inakunjwa, kebini inazunguka, yote kwa pamoja bila ya kunyang'anyana. Kingo za mtaro zinatoka zimenyooka, na baketi haigongi. Mafuta nayo yanapungua, kwa kuwa injini haisukumi oili isiyo na kazi. Juu ya hapo zipo mashine ambazo, vishikio vikiachwa kwa sekunde chache, hushusha mzunguko wa injini zenyewe. Anayejua namna kazi zinavyokwenda, kwamba kijiko husubiri lori, husubiri fundi apime, husubiri mabishano ya mpaka yaishe, ataona mafuta mangapi yaliungua bure katika miaka yote iliyopita.

Muuzaji akikwambia "kina nguvu zaidi," muulize habari ya pampu. Wengi huuliza nguvu za farasi peke yake, na hapo ndipo tunapopotea. Tazama vipeperushi vya vijiko vya tani tatu na nusu vya kampuni mbalimbali: vingi vina nguvu za farasi 24 na kitu, kama vile wote walikubaliana. Sababu ni sheria ya moshi. Marekani na Ulaya zina mpaka kwenye kilowati 19, ambazo ni farasi 25 na ushei. Injini ikiuvuka mpaka huo masharti ya moshi huwa makali zaidi, na kwa kawaida mtengenezaji hulazimika kuweka filta maalumu ya kunasa masizi kwenye ekzosi. Kwa hiyo wamebaki chini ya mpaka kidogo, wakaongeza uwezo kupitia haidroliki.

Filta ile ni njema kwa mapafu ya watu, lakini inataka dizeli safi yenye salfa kidogo sana. Ulaya hutumia isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali nchi za Afrika Mashariki zilipoimarisha kiwango chao mwaka 2015 ziliweka 50. Anayeagiza kijiko kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya, chenye injini inayovuka kilowati 19, aulize kwanza filta hiyo itaishije na mafuta ya kwetu. Na katika injini mpya zinazoongozwa na kompyuta, maji ndani ya dizeli ni adui mkubwa. Hali ya hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Tangi likiachwa nusu usiku, mvuke huganda ndani na kuwa matone. Jaza tangi jioni, na fungua kikombe cha kukusanyia maji chini ya filta kila asubuhi.

Niongeze neno moja la usalama hapa, maana nimeona mara nyingi mafundi wakipapasa mpira unaovuja kwa kidole. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo lile hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama kuchomwa na sindano, wala haliumi sana mwanzoni, na ndani nyama inaharibika. Ni dharura ya hospitali saa ile ile, hata kama anayeumia anasema hana kitu. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, injini ikizimwa na shinikizo likiachiwa kabla ya kushika chochote.

Raha ya opereta

Hapa ndipo watu hucheka. Kiti chenye springi, kiyoyozi, vishikio laini: wanaona ni kumdekeza mtu aliyekuja kuchimba. Nadhani ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote.

Keti ndani ya kijiko cha zamani mwezi wa Februari, Kaskazi imechacha, injini iko mgongoni. Vishikio vyake vimeunganishwa moja kwa moja na vali kwa vyuma, kila mwendo unataka bega. Kiti kimekufa, kila jino la baketi linapogonga mwamba pigo linapita kwenye cheni, sakafu, kiti, na kuishia kiunoni. Moshi unarudi na upepo. Fikiria mtu huyo amefunga Ramadhani, saa nane mchana, koo limekauka, na mbele yake kuna ukuta wa mtu sentimita 20 kutoka kwenye baketi. Mkono uliochoka hauchagui pa kukosea.

Vishikio vya sasa huendeshwa na oili ya shinikizo dogo au kwa umeme, na vidole vinatosha. Hiyo ina maana opereta anaweza kusogeza baketi kidogo sana akitaka, na saa ya saba ya kazi anaifanya kama saa ya kwanza. Kiti kinachorekebishwa kwa uzito wa anayekikalia hupunguza mtikisiko. Mgongo unaotikiswa kwa miaka huharibika, na Ulaya ilitunga sheria mwaka 2002 ya kuweka kikomo cha mtikisiko ambao mfanyakazi anaweza kupewa kwa siku ya saa 8. Waliotunga sheria ile hawakuwa na nia ya kudekeza mtu.

Masikio nayo. Wataalamu wa afya kazini huweka desibeli 85 kuwa kikomo kwa saa 8, na kwa hesabu inayotumika sana kila ikizidi desibeli 3 muda salama hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kebini nyingi mpya zilizofungwa vizuri hushuka chini ya 80. Vijiko vya zamani vya paa tupu haviwezi, na opereta wetu wengi hawavai vizibo. Watu hawa wanarudi nyumbani wanazungumza kwa kelele, na sisi tunadhani ndivyo walivyo.

Kiyoyozi kina kazi nyengine ambayo haisemwi. Ili kifanye kazi kebini lazima ifungwe, na ikifungwa vumbi la mawe linabaki nje. Anayevunja mwamba Jambiani kutwa ndani ya kebini iliyo wazi anakula vumbi lile.

Siri ya mwisho ya raha ni mkanda. Kebini au paa la kijiko kipya limejengwa lisipondeke mashine ikipinduka, lakini linamlinda aliyebaki ndani yake. Anayeruka huangukiwa. Opereta aliyebanwa na joto na vumbi hafungi mkanda, kwa sababu anajiandaa kutoka kila dakika. Aliyekaa vizuri hufunga.

Kichanga, kinongo na maweni

Hakuna mtengenezaji aliyeandika kipeperushi kwa ajili ya ardhi yetu. Magharibi ya Unguja na sehemu kubwa ya Pemba kuna kinongo, udongo mwekundu mzito kiasi, na huko kijiko kidogo kinafanya kazi kwa raha. Mabondeni kuna kinamo, unaoganda kwenye baketi kama unga uliokandwa wakati wa Masika, na opereta hupoteza muda kukung'uta. Kichanga huchimbika haraka na kuporomoka haraka vile vile.

Mashariki na kusini ya Unguja, kuelekea Paje, Jambiani na Makunduchi, ni maweni. Mwamba wa matumbawe wa juu ni mgumu na una ncha kali. Baketi ya kawaida huteleza juu yake. Kinachohitajika ni nyundo ya haidroliki ya kuvunjia, na nyundo inataka oili nyingi mfululizo. Ndipo swali la pampu linaporudi: kijiko chenye pampu dhaifu kikifungwa nyundo kitachemka kabla ya adhuhuri. Muulize mwenye mashine oili lita ngapi kwa dakika inakwenda kwenye kiunganishi cha mbele, na nyundo yake inataka ngapi. Zikipishana sana, kazi haitakwenda.

Cheni za mpira ndizo zinazofaa kwenye lami na sakafu za mawe, kwa kuwa haziachi makovu. Juu ya maweni hukatika. Opereta anayegeuza mashine pale pale aliposimama, cheni moja mbele na nyengine nyuma, anazichana kwa ncha zile. Ageuke kwa duara pana. Tena ukanda huo una mapango mengi chini, na mwamba uliopigwa nyundo huweza kufunguka chini ya mashine yenyewe. Wenyeji wa pale hujua mapango yao, basi waulizwe kabla ya kuanza.

Pemba tatizo ni vilima. Kijiko kilichosimama mshazari mlimani na baketi iliyojaa hakizungushwi upande wa bondeni. Udongo humwagwa upande wa juu, mkono ukiwa chini, na kinongo kikilowa kazi ya mteremko husubiri.

Na popote tulipo, chumvi. Fimbo za jeki zinang'ara kwa sababu zimepakwa kromu. Upepo wa bahari ukizila, vijitundu vidogo hutokea, vijitundu vinachana sili, yaani mpira unaoziba oili ndani ya jeki, oili inaanza kuvuja. Mashine iliyofanya kazi ufukweni ioshwe kwa maji matamu siku ile ile, na jioni iegeshwe jeki zikiwa zimejikunja kadiri inavyowezekana, ili fimbo zisilale nje.

Hilo ndilo la kwanza kuliangalia pia ukienda kununua kijiko cha mtumba, na vingi vinavyotufikia ni vya mtumba. Injini ikiwa imezimwa, pitisha kidole juu ya fimbo. Ikikwaruza, acha au punguza bei. Umri wa kijiko huhesabiwa kwa saa za kazi, na mita ya saa inaweza kubadilishwa, kwa hiyo usiiamini peke yake: tazama mipira ya pedeli ilivyolika, nyanyua baketi uone pini zinacheza kiasi gani, tazama meno ya gurudumu linalovuta cheni kama yamekuwa makali. Jambo jengine ni mpangilio wa vishikio. Ipo mipangilio miwili mikuu duniani, na mashine kongwe za Japani zina hata mengine. Katika mmoja kishikio cha kulia kinanyanyua mkono mkubwa, katika mwengine ni cha kushoto. Opereta mzoefu akipanda mashine ya mpangilio mwengine bila kuujua, mkono wake utafanya ulichozoea, na baketi itakwenda alipo kibarua. Mashine nyingi mpya zina swichi au vali ya kubadilisha. Ajaribu kwanza pahala pa wazi.

Vipo pia vijiko vya betri, na vinafaa hasa kwa mahoteli kwa kuwa havina moshi wala kelele ya injini. Vya tani mbili hivi hufanya kazi karibu saa 4 kwa chaji moja, kutegemea ugumu wa kazi. Kwa maweni na nyundo, bado dizeli.

Na vibarua je?

Ni kweli kijiko kinachukua kazi ya mikono, na si haki kumwambia mtu anayeishi kwa sururu kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini kuna kazi ambayo sitamani kibarua yeyote aifanye: shimo refu la karo kwenye kichanga. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Ukuta wa shimo ukimwangukia mtu hadi kifuani hawezi kupumua, na wenzake hawatamtoa kwa mikono kwa wakati. Shimo linalofika mita moja na nusu lisiingiwe na mtu bila ya kuta kuegemezwa au kulazwa, awe amelichimba kwa jembe au kwa mashine. Na udongo uliotolewa uwekwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, maana uzito wake ndio unaousukuma ukuta.

Kazi nzuri kwa watu wale wale ipo pembeni ya mashine: kumwongoza opereta kwa ishara, kuzuia watoto, kunyoosha kingo, na kazi moja ambayo haina budi kufanywa kwa mkono. Kabla baketi haijagusa ardhi ya mjini, chimbeni taratibu vishimo vichache vya kutafuta bomba la maji na waya wa umeme. Ulizeni ZAWA, mamlaka ya maji, na ZECO, shirika la umeme, ulizeni na majirani wakongwe waliokuwepo bomba lilipolazwa, kisha mchore mstari wa chokaa juu ya ardhi. Opereta achimbe mpaka karibu na mstari na asimame hapo. Kilichobaki kichimbwe kwa chepe.